Kioo Tunachokisifu, Kidole Tusichokiuliza

 Leo, kwenye redio yetu ya Kasongo, nataka tuzungumze juu ya kioo: kioo cha simu yako, na kile kingine kikubwa zaidi tulichokikuta kwenye madarasa ya shule tarehe 30 Desemba 2018, na tena Desemba 2023, tulipokwenda kupiga kura. Swali langu ni hili. Mtu akikwambia kwamba kioo fulani anakipenda, au anakichukia, je, amekwambia chochote juu ya jinsi anavyoweza kukitumia? Wengi tunajibu ndiyo bila kufikiri. Mimi naona kwamba mara nyingi hajakwambia, na kwamba katika nchi hii yetu ya Kongo tumezoea kuuliza swali la kupenda na kuandika jibu lake mahali pa swali la kuweza.

Tuanze na mashini ya kura, maana hiyo tuliigusa wote.

Kumbukeni ilikotoka. Mwaka 2011 wagombea wa Bunge la taifa walipita elfu 18, na viti vilikuwa 500. Katika majimbo yenye watu wengi, karatasi ya kura iligeuka gazeti. Unasimama kwenye kibanda cha kadibodi, unafunua ukurasa baada ya ukurasa, unatafuta sura ya mtu wako katikati ya mamia ya sura, na nje wenzako wanakohoa ili utoke. Tume ya uchaguzi, CENI, iliyoongozwa baadaye na Corneille Nangaa, ikaleta dawa yake: mashini za kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini, zaidi ya laki moja kwa nchi nzima. Unapewa karatasi yenye alama ya miraba, unaiingiza kwenye mashini, kioo kinakuonyesha wagombea wa urais, unagusa. Kisha wabunge wa taifa, unagusa. Kisha wabunge wa mkoa, unagusa. Unathibitisha, mashini inachapa, unachukua karatasi yako na kuitia sandukuni. CENI ilirudia kusema kwamba hicho ni chombo cha kuchapa tu, na kwamba kura zitahesabiwa kwa mkono, karatasi kwa karatasi, mbele ya mashahidi wa vyama.

Wapinzani hawakukubali. Kule Kinshasa wakaiita mashini ya wizi. Februari 2018 Nikki Haley, balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, akasema hadharani kwamba nchi yake haina imani na teknolojia hiyo, na kwamba karatasi ya kawaida ndiyo njia ya kuaminika. Tarehe 13 Desemba ghala la CENI la Kinshasa likaungua, maelfu ya mashini yakateketea, na uchaguzi uliokuwa wa tarehe 23 ukasogezwa kwa wiki moja.

Sasa fikiria mtu anakuja Kasongo katika wiki ile na daftari lake, anamkamata papa mmoja njiani, anamuuliza: "Papa, hii mashini unaionaje?" Papa atajibu nini? Atajibu juu ya Nangaa. Atajibu juu ya Rais Joseph Kabila na miaka aliyoongeza madarakani. Atajibu juu ya Emmanuel Ramazani Shadary, mzaliwa wa Kasongo hii hii na mbunge wa Kabambare jirani, mgombea wa kambi ya rais, namba 13 kwenye kioo. Kama moyo wake uko kwa wapinzani, kwa Martin Fayulu, namba 4, au kwa Félix Tshisekedi, namba 20, atajibu kwa upande huo. Na mwenye daftari ataandika: papa huyu haikubali mashini. Lakini papa hakuulizwa kama anaona vizuri picha kwenye kioo. Hakuulizwa kama kidole chake kilichokauka kwa jembe kinasikika na kioo. Hakuulizwa kama atajua pa kugusa akitaka kurudi nyuma. Ameulizwa juu ya siasa, akajibu siasa, na wala hana kosa.

Ninyi wenyewe mnawajua watu wa aina mbili. Yupo kijana aliyeichukia ile mashini kutoka moyoni, akasema itampokonya kura yake, kisha akaingia, akagusa mara nne, akatoka kabla ya wino kukauka kidoleni. Simu ya kugusa alikuwa nayo tangu zamani. Kioo hakikumshinda hata kidogo. Na yupo mama aliyeifurahia sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliona picha za wagombea zina rangi na zinang'aa, akatoka anacheka, na kwenye karatasi yake sura iliyochapwa si ya yule aliyemkusudia. Ukiwahesabu hawa wawili kwa maoni, mashini imemfaa mama na kumshinda kijana. Ukiwahesabu kwa karatasi zao, mambo yamegeuka.

Jambo hili halikuanza na sisi. Mwaka 1995 Wajapani wawili, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, walichora nyuso 26 za mashini ya benki, ile ya kutolea pesa. Namba zilezile, vitufe vilevile, ila kila uso ulipangwa namna yake. Wakawaonyesha watu 252 na kuwauliza: upi unapendeza macho, na upi ni rahisi kutumia? Angalieni, hakuna aliyetoa pesa. Walitazama tu. Na ule uliowapendeza ndio waliouhukumu kuwa rahisi. Mambo ambayo wabunifu walijua kwamba yanarahisisha kazi hayakuwa na uzito kama urembo.

Noam Tractinsky wa Israeli alisoma habari hizo akawaza: hao ni Wajapani, watu wanaojali sana sura ya vitu, huku kwetu haitakuwa hivyo. Akarudia jaribio mwaka 1997. Akakuta uhusiano kati ya uzuri na urahisi una nguvu kwao hata kuliko Japani. Nampenda mtu huyo kwa kukubali kupimwa na dhana yake mwenyewe. Mwaka 2000, pamoja na wenzake, akaenda mbele zaidi: safari hii watu waliitumia mashini kwa kompyuta, na baadhi ya hizo mashini zilitengenezwa makusudi ziwe za kusumbua, zichelewe na vitufe visifanye kazi mara ya kwanza. Baada ya kusumbuka hivyo watu waliulizwa tena. Walio na mashini nzuri ya macho bado walisema ni rahisi. Usumbufu wenyewe haukuacha alama katika majibu yao. Ni kama mtu kuhukumu mtumbwi wa kuvukia Lualaba kwa rangi yake, akavuka, akalowa mpaka kiunoni, na akifika ng'ambo bado anausifu kwamba hauvuji.

Sisemi kwamba kupenda na kuweza havikutani kamwe. Mwaka 1994 Jakob Nielsen na Jonathan Levy walikusanya majaribio mengi ya watu wengine, wakaona kwamba kwa kawaida watu hupenda kile kinachowasaidia kufanya kazi vizuri. Ni jambo la akili. Lakini katika sehemu isiyo ndogo ya majaribio hayo, watu walichagua kile kilichowachelewesha au kuwakosesha. Ukiwa na kiwanda cha pipi, hiyo si hasara kubwa. Ukiwa unapanga kura ya watu milioni 40, ndugu zangu, sehemu isiyo ndogo ni watu wengi mno.

Na kura yenyewe imepimwa. Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, kina kundi lililofanya kazi hiyo kwa miaka. Sarah Everett, Michael Byrne na wenzao walitoa matokeo mwaka 2008: waliwapa watu karatasi, kadi za kutoboa, mashini za zamani za vishikio, na mashini za kioo, wapige kura ya majaribio. Walipowauliza, watu walikifurahia kioo kuliko vyote. Walipohesabu dakika na makosa, kioo hakikuwa na haraka zaidi wala makosa machache zaidi. Furaha iliongezeka, kazi ikabaki palepale.

Ila kuna jaribio jingine la huyo Everett, la mwaka 2007, ambalo lilinikosesha raha nilipolisoma. Mashini za kioo za Marekani zina ukurasa wa mwisho unaokuonyesha ulichochagua, ili uhakiki kabla ya kuthibitisha. Everett akaitengeneza mashini yake idanganye: mtu amechagua huyu, ukurasa wa mwisho unaonyesha yule. Zaidi ya nusu ya watu hawakuona. Walipita, wakathibitisha, wakaenda zao. Hao ni watu waliokuwa na mwanga wa umeme, kiti, muda wa kutosha, na hakuna aliyekohoa nyuma yao.

Turudi sasa kwenye darasa letu. Mashini yetu ilikuwa na kitu ambacho zile nyingi za Marekani hazikuwa nacho: ilitoa karatasi. Karatasi hiyo ndiyo kura, wala si kioo. Kwa hiyo kazi ya mpiga kura ilikuwa na hatua mbili: kugusa, halafu kusoma kilichochapwa kabla ya kukitia sandukuni. Katika mafunzo yote niliyoyasikia redioni na makanisani na misikitini, tulifundishwa kugusa. Hatua ya pili ilitajwa kwa haraka, mwishoni, kama tangazo la kufunga mkutano. Nami nasema hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Mtu anayegusa vibaya na kusoma vizuri anaweza kuinua mkono na kulalamika. Mtu anayegusa vizuri na asisome, kura yake imekwenda kwa imani tu.

Na kuna jambo ambalo wataalamu wa Houston hawakulikuta, kwa sababu ni letu. Mashini ya kwetu haikufundishwa na CENI peke yake. Ilifundishwa na kampeni. Nyimbo, fulana, vitambaa vya akina mama, vyote vilikuwa na namba. Namba 13, namba 4, namba 20. Mwaka 2023 vilevile: Tshisekedi alirudi na namba 20, Moïse Katumbi akawa na namba 3. Mzee asiyejua kusoma jina alikuwa anaijua namba ya rais wake kama anavyojua jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa rais watu wetu walikwenda vizuri, na waliotazama ukurasa huo tu walisema: angalieni, wananchi wameiweza. Lakini hesabu kurasa zinazofuata. Wabunge wa taifa, wabunge wa mkoa, namba zinaongezeka, sura zinafanana, na mgombea wako wa mkoa hakuwa na pesa ya kuchapa fulana. Hapo ndipo macho huanza kutafuta msaada.

Msaada. Neno hilo dogo ndilo linaloharibu hesabu zote. Sheria inampa mpiga kura asiyeweza peke yake haki ya kuchagua mtu wa kumsaidia. Ni haki nzuri. Lakini foleni ikiwa ndefu na betri ikiwa inapungua, anayesaidia huwa ni yule aliye karibu, na aliye karibu ni yule aliyevaa fulana ya kazi. Ananyoosha mkono: "Mama, unamtaka nani?" Mama anasema. Anagusa yeye. Imekwisha kwa nusu dakika. Ukimuuliza mama nje kama kazi ilikuwa ngumu, atakwambia ilikuwa nyepesi. Ni kweli, kwake ilikuwa nyepesi, maana hakuifanya. Hata saa ya kupima haraka itasema alikuwa mwepesi. Kitu kimoja tu kimepotea, nacho ndicho kilichomleta: siri ya kura, na uhakika kwamba kilichoguswa ndicho alichosema.

Kabla sijasahau, nisiwaonee walioishuku mashini. Shaka yao haikuwa ujinga. Kanisa Katoliki, kupitia baraza la maaskofu, CENCO, lilisambaza waangalizi elfu 40 mwaka 2018, na ripoti yao ya kwanza ilihesabu mamia ya visa vya mashini kukataa kufanya kazi. Na baada ya kura ya 2023, tarehe 5 Januari 2024, CENI yenyewe, sasa chini ya Denis Kadima, ilifuta kura za wagombea 82, na kati ya makosa yaliyotajwa lilikuwamo la watu binafsi kushika mashini za kura kinyume cha sheria. Uchaguzi wa wabunge wa Masimanimba na wa Yakoma ukafutwa kabisa. Basi aliyesema "siiamini" alikuwa na jambo la kweli mkononi. Ila jambo hilo lilikuwa juu ya nani anaishika mashini usiku. Juu ya kidole chake kwenye kioo, halikusema kitu. Tume inayosikia malalamiko hayo na kukimbilia kubadilisha rangi ya vitufe haijasikia. Na tume inayoona watu wanagusa bila shida na kusema "mnaona, wanaiamini" haijasikia pia.

Tutoke kwenye kura, twende sokoni, maana kura ni ya miaka mitano na soko ni la kila siku.

Mama anayeuza mchele pale Kasongo anatumiwa pesa na mtoto wake aliyeko Bukavu au Lubumbashi. Zinakuja kwa M-Pesa, au Airtel Money, au Orange Money, kulingana na laini. Anakwenda kwenye kibanda. Simu yake ni ndogo, ya vitufe. Menyu inakuja kwa maandishi, mstari kwa mstari, inangoja kidogo, na usipojibu inafunga na unaanza upya. Kuna akaunti ya franka na akaunti ya dola. Ukikosea namba moja tu unajikuta kwenye nyingine. Mama hajisumbui. Anampa kijana wa kibanda simu yote, na kumtajia namba ya siri kwa sauti, watu wakiwa wamesimama pale. Kijana anabonyeza, anahesabu noti, kwisha. Mwulize mama: hii ya pesa kwa simu ni nzuri? Nzuri sana, mwanangu, Mungu awabariki walioileta. Anasema kweli. Zamani angengoja lori au mtu wa kuaminika kwa wiki nyingi. Lakini kampuni ikiweka jibu hilo kwenye hesabu zake kama ushahidi kwamba menyu yake inaeleweka, inajidanganya. Kinachosifiwa hapo ni kijana wa kibanda.

Na mpe mama huyohuyo simu aifanye mwenyewe. Ikimshinda, hatailaumu menyu. Atasema: "Mimi sikusoma." Hilo nalo linajulikana duniani, Mmarekani Donald Norman aliliandika mwaka 1988 katika kitabu chake juu ya saikolojia ya vitu vya kila siku, kwamba watu wakishindwa na chombo kilichotengenezwa vibaya hujilaumu wenyewe. Huku kwetu lina nguvu zaidi, kwa sababu shule ilitufundisha mapema kwamba asiyeelewa ndiye mwenye kosa. Basi menyu mbaya inapata sifa, na mtu mzima anarudi nyumbani akijiona mjinga.

Kuna kikwazo kingine, na hiki natamani wageni wetu wa mashirika wakisikie, wale wanaokuja na tablet za kuandikisha kaya, za kugawa misaada, za kuhesabu dawa. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walifanya jaribio mjini Bangalore, India. Waliwaonyesha watu vitu viwili vinavyofanana. Walipodokeza kwamba kimoja kimetengenezwa na huyu anayewauliza, watu walikipenda hicho mara mbili na nusu zaidi. Na mwulizaji alipokuwa mgeni kutoka nje, anayehitaji mkalimani, walikipenda mara tano zaidi. Mara tano! Sasa mlete mwulizaji wa namna hiyo kijijini Kabambare, ambako mgeni hupewa kiti kizuri kabla hajataja shida yake, na kuku akipatikana anachinjwa. Amesafiri njia ile mbovu, ana tope mpaka magotini, anauliza: "Programu yetu mnaionaje?" Nani atamwambia kwamba ni mbaya? Tungekuwa watu gani? Adabu yetu inaingia kwenye hesabu zake kama asilimia, na asilimia hiyo inampatia pesa ya awamu ya pili ya mradi.

Lakini nisije nikaonekana nasema maoni ya watu yatupwe. Kuna jaribio moja ambalo redio inapaswa kulifurahia. Mwaka 2009 Indrani Medhi na wenzake wa maabara ya Microsoft nchini India walitengeneza njia tatu za kutuma pesa kwa simu kwa watu wasiosoma au waliosoma kidogo: moja ya maandishi, moja ya picha na sauti pamoja, moja ya sauti tupu, simu inakuuliza na wewe unajibu. Maandishi watu waliyakataa, na walikuwa na haki. Hapo kupenda na kuweza vilikwenda pamoja. Lakini kati ya hizo mbili nyingine mambo yakagawanyika. Kwa picha na sauti pamoja, watu wengi zaidi walifika mwisho wa kazi. Kwa sauti tupu, walikwenda haraka zaidi na walihitaji kusaidiwa mara chache zaidi. Basi ipi ni bora? Hakuna jibu mpaka useme unataka nini. Kwa mama wa mchele, anayesimama mbele ya kibanda kilichojaa watu, mimi ningechagua ile inayompunguzia haja ya kumpa mtu simu yake, hata kama macho yake yangependa picha. Mwingine atachagua tofauti. Jambo ni kwamba "bora" imegawanyika vipande, na swali la "unaionaje" haligusi hata kimoja.

Na tusiseme kwamba kupima ni mambo ya Houston na Bangalore. Kasongo ni jina ambalo madaktari wa dunia nzima wanalijua, na wengi wetu hapa hatujui kwamba wanalijua. Miaka ya 1970 timu ya Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilifanya kazi katika vituo vya afya vya hapa. Mwaka 1981 walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35. Hawakuridhika kuandika kwamba akina mama wanaipenda sindano, wala kwamba watoto wangapi wamechomwa. Walihesabu watoto waliobaki hai, kwa miezi na miezi, waliochanjwa na wasiochanjwa. Matokeo yao yalizua mabishano makali kati ya wataalamu, maana hesabu ya kweli mara nyingi haimpendezi kila mtu. Kama miaka 40 na zaidi iliyopita mji huu uliweza kupima uhai wa mtoto, leo hauwezi kushindwa kupima kama mtu ameweza kugusa sura aliyoikusudia.

Kwa kalenda ya Katiba, kura inayofuata ni mwisho wa 2028. CENI itakuja tena na mafunzo. Ningewaomba kitu kimoja, nacho ni rahisi kuliko semina ya siku tatu hotelini Kindu. Waweke mashini moja sokoni Kasongo na moja Wamaza, upande wa Kabambare, miezi mingi kabla, si wiki moja. Kila anayetaka kujaribu apewe kikaratasi chenye picha za wagombea watatu wa kubuni, mmoja kwa kila ukurasa, na wa tatu awe na namba kubwa, ajifiche kwenye ukurasa wa ndani. Aachwe peke yake. Asisaidiwe mpaka aombe, na kuomba kwake kuandikwe. Mashini ichape. Kisha karatasi iliyochapwa ilinganishwe na kile kikaratasi: zimepatana au hazikupatana. Na kwa watu kadhaa, kwa makubaliano na wakuu wa mji ili isizuke vurugu, mashini ichape makusudi sura isiyo sahihi, tuone ni wangapi watakaogundua kabla ya kuitia sandukuni. Matokeo yasomwe hapa redioni kama yalivyo, hata yakiwa mabaya, na namba za Kabambare zisichanganywe na za Kasongo, maana umeme, shule na simu havilingani.

Baada ya hayo yote, mtu akiwa ameshamaliza, hapo aulizwe kama aliipenda. Aulizwe pia kama anaiamini, na hilo liwe swali la peke yake, lenye mstari wake kwenye fomu. Na anayeuliza asiwe mtu wa CENI, asiwe amevaa fulana ya mtu yeyote, na aongee Kibangubangu kule Kabambare ikihitajika.